Mjadala wa stima na tabianchi mtaani kabla ya kura: namna ya kuuandaa Mombasa

Mijadala mingi ya stima na mazingira inayofanyika mitaani msimu wa kura hufia mahali pamoja: mgombea anaulizwa jambo lisilo mkononi mwake. Anayetaka u-MCA (uwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti) akiulizwa atashushaje bei ya stima, atajibu kwa raha zake, kwa maana hakuna atakayemdai. Anayetaka ugavana ataahidi kufuta ushuru wa petroli, anayetaka ubunge ataahidi mifereji, watu watapiga makofi, basi.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo, watu kumi hivi: chama cha akina mama, maskani ya vijana, BMU ya wavuvi (kikundi cha kusimamia ufuo), wapangaji wa ploti moja. Lengo ni mjadala ambao majibu yake yanaweza kudaiwa baadaye. Uchaguzi mkuu ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Anzeni matayarisho wiki sita kabla ya siku ya mjadala wenyewe. Mkianza wiki mbili kabla, barua mlizoandika hazitakuwa zimejibiwa, na mtaingia ukumbini mikono mitupu.

Safu sita kwa kura sita

Chukueni karatasi kubwa ya manila, mpige safu sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, MCA. Halafu someni Jedwali la Nne la Katiba, ndilo linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Kila swali mlilonalo liwekwe kwenye safu ya mwenye uwezo wa kulitenda. Swali lisilopata safu halijaiva.

Sera ya kawi na laini kubwa za umeme ziko upande wa serikali kuu. Bei huidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli iliyoundwa na Sheria ya Kawi ya 2019. Kenya Power, kampuni inayotuuzia stima, huomba, EPRA hukubali au hukataa. Rais hapangi bei kwa kinywa chake, lakini huteua waziri, huongoza Baraza la Kitaifa la Mabadiliko ya Tabianchi, na serikali yake ndiyo yenye hisa nyingi Kenya Power. Kwa hiyo safu yake haikosi maswali.

Safu ya gavana ina taa za barabarani, taka, barabara za kaunti na mifereji ya maji ya mvua mjini. Hapa pana mtego. Barabara za kitaifa zinazopita Mombasa zina mifereji yake, nayo si ya kaunti. Mtaa ukifurika kando ya barabara kuu, gavana atasema hiyo ni ya Nairobi, na mara nyingi hatakuwa amesema uongo. Tembeeni wenyewe, mpige picha, mwandike jina la barabara na mahali mfereji unapomwaga maji. Picha zilizopigwa mvua ikikutana na bamvua ndizo zenye maana zaidi: maji ya bahari yakijaa hupanda hadi mdomo wa mfereji, na ya mvua hukosa pa kwenda hata kama mfereji ni msafi. Mgombea anayeahidi kuzibua tu mifereji hajaelewa mafuriko ya mtaa ulio karibu na Tudor au Port Reitz. Muulizeni kiwango cha mdomo wa mfereji kiko wapi maji yakijaa, na kama anapanga milango ya kuzuia maji ya bahari yasirudi.

Sheria ya Kawi ya 2019 pia inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi. Swali kwa gavana ni fupi: uko wapi, na mwaka huu umetengewa shilingi ngapi? Kwa MCA, ulizeni kuhusu kamati ya tabianchi ya wadi: imekaa lini mara ya mwisho, ni mradi gani iliouweka mbele, na kumbukumbu za kikao ziko kwa nani. Hilo la mwisho huwatoa wengi jasho.

Mbunge na mwakilishi wa wanawake wote wawili hupigia kura Mswada wa Fedha. Huyu wa pili husahaulika, akaulizwa habari za vyerehani na viti vya kukodisha peke yake. Ni Sheria ya Fedha ya 2023 iliyopandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya petroli, dizeli na mafuta taa kutoka asilimia 8 hadi 16, na sheria hiyohiyo ikaondoa VAT kwenye gesi ya kupikia. Kwa aliyekuwa bungeni wakati huo, swali ni alipiga kura gani Juni 2023. Jibu liko kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, kaangalieni kabla hamjauliza. Kwa mgeni: VAT hii ikirudi mezani utapiga kura gani, na pengo la fedha litazibwa na nini?

Seneta hupigania mgao wa fedha za kaunti na kusimamia matumizi yake. Maswali mawili yanamtosha.

Bili ifunguliwe mbele ya watu

Hii ndiyo sehemu inayostahili kazi kubwa kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayomgusa kila aliyekaa kitini. Kusanyeni meseji ishirini za tokeni kutoka nyumba tofauti: ya chumba kimoja, ya mwenye friji, ya kinyozi, ya duka la samaki. Fichueni tarehe na kiasi tu. Namba ya mita na jina la mtu zifutwe. Kwenye meseji mtaona fedha zote zilizolipwa, sehemu iliyonunua tokeni na sehemu iliyokwenda kwa makato mengine. Gawanyeni jumla ya fedha kwa uniti: hapo ndipo bei halisi ya uniti inapotokea, nayo hutofautiana kati ya nyumba na nyumba kwenye ploti moja.

Kisha bandikeni ukutani mistari ya bili: bei ya msingi ya uniti, gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei, ada ya EPRA, ada ya maji, ada ya umeme wa vijijini ambayo ni asilimia 5, na VAT asilimia 16. Mbele ya kila mstari andikeni nani anaweza kuubadilisha. VAT ni Bunge. Bei ya msingi ni EPRA, kwa maombi yanayopitia kwa umma. Gharama ya mafuta hubadilika kila mwezi kulingana na kiasi cha mafuta kilichochomwa mitamboni. Mstari wa fedha za kigeni hufuata dola, kwa sababu mikataba na mikopo mingi ya sekta hii hulipwa kwa dola. Shilingi ilipofika karibu 160 kwa dola Januari 2024, mstari huo ulinona, na shilingi ilipopanda hadi karibu 129 ukapungua. Hakuna mgombea aliyefanya lolote katikati.

Mgombea akisema atapunguza stima kwa nusu, mpeni kalamu aende ukutani aonyeshe ni mstari gani. Mpeni dakika mbili, wala msimsaidie.

Mfano wa kuwasomea watu upo. Desemba 2021, miezi minane kabla ya kura, serikali ilitangaza stima itashuka kwa asilimia 30 kwa awamu mbili. Asilimia 15 ya kwanza ilikuja Januari 2022. Ya pili haikuja, kwa kuwa ilitegemea kampuni binafsi za kuzalisha umeme zikubali kulegeza mikataba, na mazungumzo hayakuzaa kitu. Tarehe 1 Aprili 2023 bei mpya zikaanza, zikiwa juu. Kwa hiyo kila ahadi ya bei iulizwe: je, inategemea saini ya mtu mwingine? Ya nani? Ameshakubali?

Kuna jambo moja la bili ambalo ni la Pwani hasa, na hatulisikii likisemwa vya kutosha. Kabla ya Aprili 2023, nyumba iliyotumia hadi uniti 100 kwa mwezi ilipata bei ya chini kabisa. Siku hizi kikomo ni uniti 30. Pigeni hesabu ubaoni: feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi kwa siku hula uniti 0.6 (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja), yaani uniti 18 kwa mwezi. Friji ndogo hula takriban uniti moja kwa siku, na yenyewe peke yake imeshafika 30. Limuru mtu anaweza kulala bila feni mwaka mzima. Kisauni mwezi Machi, na mtoto mchanga ndani, haiwezekani. Kikomo ni kimoja nchi nzima. Mgombea ubunge aulizwe kama atapeleka hoja EPRA kikomo kizingatie joto la mahali, au kirudi juu, na mzigo huo abebeshwe nani. Jibu la «tutaangalia» liandikwe kama lilivyo.

Tena kuna upotevu. Zaidi ya asilimia 20 ya umeme ulionunuliwa na Kenya Power mwaka wa fedha wa 2023/24 haukufika kwenye bili ya mtu: mwingine uliishia kwenye nyaya na transfoma, mwingine uliibwa. EPRA huruhusu sehemu ya upotevu huo iingizwe kwenye bei, kwa hiyo mwenye mita halali anamlipia jirani aliyejiunganishia. Swali hili ulizeni kwa upole. Baadhi ya waliohudhuria wanaishi chini ya nyaya hizo, na si wote walizichagua: kuna mwenye nyumba anayekusanya kodi «pamoja na stima» bila mita yoyote.

Megawati peke yake haitoshi

Wagombea hupenda megawati. Watu wenu wafundishwe mapema kuuliza masaa. Mtambo wa Kipevu III, uliozinduliwa 2011, una uwezo wa megawati 120. Ukienda mchana na usiku bila kupumzika hutoa megawati-saa 2,880 kwa siku. Shamba la sola la megawati 50, kwa kukadiria kwamba hufanya kazi sawa na moja ya tano ya siku kwa nguvu kamili, hutoa 240. Hesabu hii haisemi sola ni mbaya, maana Kipevu huchoma mafuta mazito yanayoingia kwenye bili na hewani. Inasema tu kwamba megawati mbili zenye jina moja si lazima zifanye kazi sawa. Kenya hutumia umeme mwingi zaidi kati ya saa moja na saa nne usiku, jua likiwa limeshazama. Anayeahidi sola aseme na betri, au aseme ni nini kitakachobeba usiku.

Utasikia pia kwamba karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya ni safi. Ni kweli, na unaoongoza ni wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, kule Bonde la Ufa. Mbona basi mstari wa mafuta haupotei? Sehemu ya jibu iko hapa Pwani. Umeme wa Olkaria husafiri mamia ya kilomita kutufikia, na laini inapolemewa jioni, mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai huwashwa ili volteji isianguke. Kwa hiyo swali la laini na stesheni ya umeme ya Mariakani lina uzito kuliko swali la mtambo mpya, ingawa halina mvuto jukwaani. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikuwa tayari 2017. Laini yake ikakamilika 2018, na kuchelewa huko kukalipiwa faini. Mtu akiahidi mtambo, muulizeni laini yake.

Sola ya juu ya paa isiachwe nyuma, maana Mombasa ina mapaa ya misikiti, shule na mahoteli. Paneli za kilowati moja hapa hutoa takriban uniti nne kwa siku. Kanuni za 2024 zinamruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati moja kurudisha umeme kwenye gridi, lakini kila uniti anayotoa huhesabiwa nusu. Je, mgombea anaona nusu ni haki? Kuna hoja pande zote mbili: mwenye paa anataka uniti kwa uniti, na mpangaji asiye na paa asingependa kubebeshwa gharama zote za nyaya peke yake. Swali kama hili hufaa sana kwa mjadala kwa sababu halina jibu la kupigiwa makofi.

Petroli na gesi zichukue dakika chache. EPRA hutangaza bei ya pampu tarehe 14 ya kila mwezi, ikaanza kutumika tarehe 15. Bei ya gesi haipangwi hivyo. Kila muuzaji hupanga yake. Mama anayejaza mtungi wa kilo sita na dereva wa tuktuk wasiulize swali moja.

Yaliyokwisha kutokea Pwani

Kila upande ulete mifano ya huku. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, megawati 1,050, ulinyang'anywa leseni ya mazingira na Mahakama ya Rufaa za Mazingira tarehe 26 Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo yeyote anayeahidi mradi mkubwa, uwe wa gesi Dongo Kundu au wa nyuklia kama ule uliopingwa na wenyeji wa Uyombo kule Kilifi, aulizwe ripoti ya athari itawekwa wapi, kwa lugha gani, na wananchi watapewa siku ngapi kuisoma. Anayepinga naye aulizwe saa mbili usiku taa zitawashwa kwa umeme gani. Msimwache mmoja apumue.

Betri za sola zina historia hapa. Owino Uhuru, watu walitiwa sumu ya madini ya risasi na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mgombea anayeahidi sola kila nyumba aseme betri zikifa zitapelekwa wapi. Betri za asidi na risasi haziishi miaka mingi kwenye joto letu, nazo zitarundikana ndani ya muhula wake huohuo.

Mikoko pia ina fedha. Gazi, Kwale, wanakijiji wanauza kaboni ya mikoko tangu 2013, yaani hulipwa kwa hewa chafu inayonyonywa na mikoko wanayoitunza. Sheria ya Tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi wa kaboni wa ardhini iende kwa jamii. Akija mtu na mradi wa mikoko ya Jomvu au Mikindani, swali ni: jamii ni nani, akaunti inasainiwa na nani?

Barua, kibali na saa

Barua ya kuomba habari, kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, hujibiwa ndani ya siku 21. Iandikieni idara ya mazingira na kawi ya kaunti wiki sita kabla, mkiomba vitu viwili au vitatu tu: mpango wa kawi, bajeti ya tabianchi na kiasi kilichotumika. Ombi la vitu kumi hurudi na visingizio kumi. Huku mkisubiri, tazameni ripoti za Msimamizi wa Bajeti, safu ya maendeleo. Fedha zilizotengwa na zilizotumika huwa mbalimbali sana.

Polisi wanapaswa kuarifiwa kwa maandishi si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano wa hadhara, kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) wa eneo. Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri mrudi nayo. Sheria hiyohiyo inataka mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Wakati mzuri ni baada ya alasiri: saa kumi na robo hadi saa kumi na mbili kasorobo, dakika tisini, na watu wanawahi magharibi. Ijumaa achaneni nayo.

Siku yenyewe

Mjadala mmoja, kiti kimoja. Msichanganye wagombea ugavana na wagombea u-MCA meza moja. Ndipo lawama hurushwa juu na chini mpaka jua litue. Wagombea wanne wanatosha. Asiyekuja msimwekee kiti kitupu, ni kumfanyia kampeni ya bure: mpelekeeni maswali kwa maandishi siku saba kabla, majibu yasomwe ukumbini, au isomwe «hakujibu».

Vipaza sauti viwe viwili na spika iwe ya betri, maana stima ikikatika katikati ya mjadala wa stima watu watacheka, halafu wataondoka. Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi watu wanapoingia. Mwanamke ambaye hatasimama mbele ya wanaume mia kuuliza atakuandikia swali kali kuliko wote. Watu wawili wavipange kwenye makopo matatu: bili, mafuriko na taka, miradi mikubwa. Wakae na Katiba, bajeti na zile meseji za tokeni, kazi yao iwe kusahihisha takwimu papo hapo.

Jibu ni dakika mbili, kengele, kisha swali la pili la dakika moja. Swali la pili ndilo uhai wa shughuli, na mwenyekiti awe nayo matatu kichwani: kwa mamlaka gani, fedha kutoka wapi, tutaona nini na lini. Mwenye sauti nzuri ya kuendesha harusi si lazima awe mwenyekiti mzuri. Tafuteni mtu asiyeogopa kukata maneno ya mheshimiwa, asiye na kadi ya chama chochote wala undugu na mgombea. Akianza mtu maneno ya wabara na wapwani, kipaza sauti kizimwe.

Ukumbi na maji ya kunywa vilipwe na kikundi chenyewe. Mgombea akilipia chakula ili apendwe, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na hata kama hakuna atakayeshtaki, wale watu hamsini wenye fulana za rangi moja waliokuja kwa ajili ya pilau hawatawaacha wengine wasikie. Fulana na mabango yabaki mlangoni, kwa wote.

Kila ahadi iandikwe kwa maneno yasiyozidi thelathini, isomwe mbele ya aliyeitoa, atie saini au akatae kutia saini. Kukataa nako kuandikwe. Picha ya karatasi iende kwenye kundi la WhatsApp la mtaa usiku huohuo, kabla hazijaenea picha nyingine.

Karatasi ya asili wekeni kwa mtu asiyehamahama, pamoja na tarehe hizi: mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, wiki tatu tu baada ya kura, mpango wa miaka mitano wa 2028 hadi 2032 utaandikwa na serikali mpya katika miezi yake ya kwanza, makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia 30 Aprili. Kwenye kila kikao cha maoni ya wananchi, watu watatu waende na nakala, na mmoja wao ahakikishe limeandikwa kwenye kumbukumbu kwamba imepokewa.